Julai, Nakuru, na Finchi Asiye na Mkia

Mtaani kwetu ndege akianza kunyonyoka manyoya, neno la kwanza utakalosikia ni dawa. Kabla mtu hajauliza ana umri gani, anakula nini wala analala wapi, ameshakutajia ile poda ya njano ya kuku inayouzwa kila agroveti, na wa pili anaapa kuwa yeye aliitia kwenye maji na kuku wake wote wakasimama. Nimefuga finchi miaka kadhaa sasa hapa Nakuru. Nimewaona wakinyonyoka na kuota upya bila hata kukosa mlo, na nimewaona wakikwama katikati. Hii ni habari ya wawili waliokwama, na waliletwa kwangu mwezi wa Juni, majira ambayo mji huu hauna huruma na kiumbe asiye na nguo.

Ni finchi milia, wale wadogo wenye asili ya Australia. Dume ana mashavu ya rangi ya chungwa, michirizi myeusi na myeupe kooni, mdomo mwekundu. Jike ni wa kijivu, mdomo wake wa chungwa. Mmoja hana zaidi ya gramu 12 hivi. Si ndege wa porini wa huku kwetu, na nalisema hilo mapema kwa sababu kuna vijana hupita mitaani wakiuza vindege waliowanasa mashambani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kunasa wala kufuga ndege wa porini bila kibali, na hata bila sheria, ndege aliyetolewa porini jana mara nyingi hadumu tunduni. Wangu wamezaliwa kwenye tundu, na wazazi wao vilevile.

Aliyekuwa nao ni mtu wa duka. Tundu lilikaa juu ya friji ya soda, taa ikiwaka juu yao mpaka duka lifungwe, na duka lenyewe lilifungwa usiku mkubwa. Kiota hakikuwahi kutolewa. Finchi milia hutaga mayai 4 hadi 6, huatamia karibu wiki mbili, makinda hutoka kiotani baada ya wiki tatu hivi, na kama kiota bado kipo wanaanza upya kabla hata makinda hayajajua kujilisha. Huyu jike alikuwa amefanya hivyo bila kupumzika. Walipoanza kupukutika mwenye duka akadhani wana ugonjwa wa kuambukiza, akanipigia simu. "Dada, wewe ndiye huwa na hawa. Kuja uwachukue kabla wateja hawajaanza kuuliza maswali."

Mimi ni fundi wa cherehani na nashonea nyumbani, kwa hiyo nikiwa na ndege mgonjwa tunakuwa chumba kimoja kutwa nzima. Kazi hiyo imenisaidia kuona mambo ambayo mtu anayeondoka asubuhi na kurudi jioni hawezi kuyaona.

Dume alikuwa na kichwa cha vijiti vitupu, yaani manyoya machanga ambayo hayajafunguka, kila kijiti kimefungwa ndani ya ganda lake jeupe, utadhani nungunungu wa kuchorwa na mtoto. Mkia haukuwapo kabisa. Akitua kwenye kijiti cha kutulia alikuwa anapepesuka mbele na nyuma, maana mkia ndio anaojisawazishia. Alikuwa hajalia wimbo wake, kwa maneno ya mwenye duka, "tangu mwezi ule mwingine". Jike yeye kwa mbali alionekana afadhali, lakini mgongoni, karibu na mkia, alikuwa na ngozi tupu, imekwiva wekundu kidogo, bila kijiti hata kimoja.

Kwangu jike ndiye aliyenitia wasiwasi. Palipo na vijiti mwili unafanya kazi, hata kama sura inatisha. Ngozi tupu isiyochipua kitu maana yake kuna anayeng'oa, au kuna mdudu, au mwili umeishiwa na kitu cha kutengenezea manyoya. Kwa huyu jike, nilivyokuja kugundua, yalikuwa yote matatu.

Ndege mwenye afya hunyonyoka kwa utaratibu. Manyoya makubwa ya bawa huanza kudondoka kutoka upande wa ndani kwenda nje, la kulia na mwenzake wa kushoto karibu wakati mmoja, ili bawa moja lisizidiwe na jingine na aweze kuendelea kuruka. Ya mwili huja taratibu katikati ya shughuli hiyo, na kichwa mara nyingi huwa cha mwisho. Katika nchi za kaskazini ndege wengi hubadilisha manyoya wakishamaliza kuzaa, siku zinapoanza kufupika. Sisi Nakuru tuko karibu kabisa na ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo hakuna siku fupi ya kumwambia finchi kwamba sasa basi. Na finchi milia hata kwao Australia hufuata mvua na chakula kuliko kalenda. Mpe wimbi kila siku na kiota kila siku, naye atazaa kila siku aliyopewa. Wa kumpumzisha ni wewe.

Kwa hiyo kiota nilikitoa siku hiyo hiyo, na nyuzi zangu nikazihamishia upande wa pili wa chumba. Uzi mwembamba ukimwingia finchi kwenye kidole hujifunga na kukaza mpaka kidole kinakufa. Nimeshawahi kuona kwa jirani, sitaki kuona tena.

Usiku nikafunika tundu kwa kitambaa cheupe cha pamba, nikakisukuma kiguse vijiti vya kutulia. Alfajiri kabla hakujapambazuka nikakikunjua chini ya tochi ya simu. Vidoa vyekundu vilikuwa vinatembea, vingine vikubwa kuliko vingine, na nilipokibonyeza kimoja kwa ukucha kikaacha alama ya damu. Utitiri. Kila mwenye kuku anaujua, lakini wenye finchi wengi hudanganyika kwa sababu mchana ule utitiri mwekundu haukai juu ya ndege. Unajificha kwenye nyufa za tundu, kwenye ncha za vijiti, chini ya trei, halafu giza likiingia unapanda kunyonya. Mtu anamshika ndege saa tano asubuhi, anampekua manyoya, haoni kitu, anasema huyu ni msafi. Kumbe utitiri unaweza kukaa miezi bila kula ukimsubiri.

Tundu walilokuja nalo lilikuwa la mbao, limejaa viungio. Sikuhangaika nalo, nililichoma nyuma ya ploti na kuwahamishia kwenye tundu la waya nililolimwagia maji yaliyochemka. Kwenye pembe na chini ya trei nikapaka unga wa pareto. Hapa Nakuru kukosa pareto ni aibu, maana Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hilo na kiwanda cha kulichakata kiko mjini humu humu. Sumu yake huvunjika upesi ikipigwa na jua, ndiyo sababu naipendelea, lakini hata hivyo hupakwa kwenye tundu na si kwenye mwili wa ndege. Baada ya wiki nikarudia kazi yote toka mwanzo, kwa kuwa yai la utitiri huanguliwa na kukua ndani ya siku chache na waliobaki huwa wengi upya. Kitambaa cheupe nikaendelea kukitumia mpaka asubuhi zikaja ambazo hakikuwa na kitu.

Utitiri ukaisha, mgongo wa jike ukabaki vile vile. Siku moja nilikuwa napiga pindo la sketi za shule, kazi isiyotaka akili nyingi, nikamwona dume anamjongelea jike, anashika unyoya mmoja mgongoni, anavuta. Jike akaruka. Dume akabaki na kiunyoya mdomoni, akakizungusha tunduni huku na huku, akakisukuma kwenye pembe ambayo zamani kingekuwa kiota. Hakuwa mkali hata kidogo, alikuwa anajenga. Finchi aliyezoea kuzaa bila kikomo, ukimnyima kiota, bado mwili wake unamwambia ajenge, na unyoya ulio karibu zaidi ni wa mke wake.

Kuwatenganisha moja kwa moja sikutaka. Hawa ni ndege wa kundi, na finchi milia aliye peke yake hukosa raha mpaka chakula kinamshinda. Nikakata wavu wa kuku wa matundu madogo nikagawa tundu katikati, kila mmoja na maji yake na chakula chake, wakaendelea kuonana na kuitana. Hapo ndipo tatizo lingine lilipojitokeza. Vijiti vya mwilini ndege huvichambua mwenyewe kwa mdomo, anavunja lile ganda na unyoya unafunguka. Vya kichwani hawezi kuvifikia. Huo ni wajibu wa mwenzake. Basi dume akakaa na kichwa chake cha miiba, akijikuna kwenye wavu, na mimi nikawa sina jibu ila kusubiri mgongo wa jike uchipue.

Baridi ikawa inatuzunguka wakati huo wote. Mji uko kama mita 1,850 juu ya bahari, na usiku wa Julai kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Joto la mwili wa finchi ni karibu nyuzi 41. Aliyevaa manyoya kamili hujivimbisha, anafungia hewa ya joto ndani, analala. Mwenye nusu ya manyoya anachoma chakula usiku kucha ili tu asife kwa baridi, na chakula kilichochomwa kwa ajili ya joto hakibaki cha kutengeneza unyoya. Hapo ndipo wengi hukwama. Unaona ndege ameacha kunyonyoka, hajapata mapya, yuko vile vile wiki baada ya wiki.

Watu waliniambia niwawekee jiko. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa mtu, na kwa ndege ni mbaya zaidi, mapafu yake huvuta ile hewa chafu haraka kuliko yetu. Balbu nayo nilikataa kwa sababu ya mwanga wake, nitaieleza hapo mbele, na pia kwa sababu tokeni za stima si za kuchezea. Nilichofanya ni cha kawaida kabisa. Tundu lilitoka dirishani likaja ukuta wa ndani, ule unaopakana na jikoni. Pande tatu nikazifunga kwa blanketi nzee. Jioni nikawa naweka chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso kando ya tundu, upande mmoja tu, ili anayetaka joto asogee na aliyezidiwa ajitenge. Saa nne usiku nikawa nabadilisha maji kabla ya kulala.

Kuhusu mwanga, nje ya ploti yetu pana mulika mwizi. Tunaishukuru, wezi wamepungua, lakini taa ile inaingia chumbani hadi unaweza kusoma lebo ya kitambaa bila kuwasha kitu. Finchi aliyewashiwa taa mpaka usiku wa manane, kisha akahamishiwa kwangu akakutana na mulika mwizi, mwili wake haujui ni saa ngapi. Nikashona pazia la kitambaa kizito cha suti, cheusi, mabaki ya kazi ya harusi. Likishuka saa kumi na mbili na nusu jioni, linapanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mume wangu alisema ndege wake wa kambo wanavaa suti kabla yake. Nikamwambia alete kitambaa.

Sasa chakula, ambacho ndicho kilichonisumbua kuliko utitiri na baridi.

Unyoya, karibu asilimia 90 yake ni protini, na protini yenyewe inataka hasa amino asidi zenye salfa, methionini na sisteini. Ukiyakusanya manyoya yote ya ndege ukayapima, yatakuwa mazito kuliko mifupa yake. Hebu fikiria basi kiumbe wa gramu 12 anayetakiwa kuyatengeneza upya yote kwa muda mfupi, huku anakula wimbi, ambao una protini ya asilimia 7 hivi. Wawili hawa walilelewa kwa wimbi na mawele makavu, hakuna kingine. Kwa maisha ya kawaida wanaweza kusukuma siku. Kwa kuzaa mfululizo na kisha kuota manyoya, haiwezekani.

Jibu la vitabuni na la wafugaji wote ni yai. Unalichemsha mpaka liive kabisa, unaliponda kwa uma pamoja na ganda lake lililooshwa na kusagwa, unawawekea kijiko cha chai asubuhi na kukitoa kabla ya adhuhuri kisije kikachacha. Niliwawekea. Hawakuligusa. Nikaliwekea wimbi juu, wakala wimbi, wakaacha yai. Ndege aliyezoea punje tupu tangu utotoni haoni yai kuwa chakula, anaona kitu cha njano kimewekwa mahali pa chakula. Na ndege anayenyonyoka hutakiwi kumnyima punje ili umlazimishe, atakufia mkononi.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alikuja kututembelea kutoka Vihiga akanikuta nimelowesha wimbi kwenye bakuli, nataka kuuchipuza, maana punje ikianza kuchipua hulainika na huwa rahisi kusagika tumboni. Akasimama mlangoni akatazama bakuli, akatazama tundu.

"Mwanangu, hawa unawapikia busaa?"

"Ni kimea tu, mama. Wale kidogo wapate nguvu."

"Kimea hiki?" Akatia kidole, akanusa. "Hiki kitaoza kesho."

Akaniondoa pale. Kwao kimea cha busaa, ile pombe ya nafaka, kimeota mikononi mwake tangu akiwa msichana. Akaosha wimbi maji matatu, akaulowesha usiku mmoja, asubuhi akamwaga maji na kuutandaza kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya ungo, akaufunika kwa kitambaa kingine, si karatasi ya nailoni, kwani nailoni huleta ukungu. Kila asubuhi na jioni akausuuza. Kwa busaa angeuacha uote mizizi mirefu, ukauke, usagwe. Kwa finchi tulikubaliana uishie pale kile kincha cheupe kinapochungulia tu. "Kikinuka chachu, mwaga," akaniambia, "usiseme ni hasara."

Kimea walikila siku ya kwanza. Unyevu wake ukanasa yai lililopondwa, kwa hiyo nilipochanganya, kila punje iliingia mdomoni na chembe za yai zimegandia. Siku chache baadaye wakawa wanachambua yai lenyewe na kuacha wimbi. Mama mkwe pia alikuwa amebeba kumbikumbi waliokaushwa, aliowakusanya mvua za masika zilipowatoa ardhini. Walikuwa wetu, wa kula na ugali, lakini nikaiba kiganja kimoja ambacho hakijatiwa chumvi, nikasaga kwenye kinu kidogo nikanyunyiza juu. Dume aliacha kila kitu.

Jirani yetu, mzee wa Ahero, akasikia habari hizi akaja kuhakikisha kwa macho yake. Kwao, kwenye mashamba ya mpunga, kwelea kwelea hushuka kwa maelfu, na mwanzoni mwa mwaka 2023 hali ilikuwa mbaya mpaka serikali ikanyunyizia dawa. Akakaa kwenye kiti cha wateja akawatazama muda mrefu.

"Sisi kule tunalipa watoto wawapigie debe waende," akasema. "Wewe unawapa mayai."

"Hawa ni wawili tu, mzee."

"Hata wale walianza wawili."

Hata hivyo kesho yake alituma omena za kusaga, akisema kama ni protini basi hakuna kuku wa Kisumu asiyeijua. Hoja ilikuwa sahihi, omena kavu ni protini zaidi ya nusu ya uzito wake. Finchi hawakuitaka, harufu ikaleta paka wa ploti nzima, tukaila sisi.

Mboga haikuwa na shida. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba sana, terere, karoti ya kukwaruza kwa ajili ya vitamini A ambayo punje kavu hazina. Spinachi naipunguza, ina asidi inayoshika kalsiamu, na jike aliyetaga mfululizo hana kalsiamu ya kupoteza. Kwa ajili yake nilitundika pia mfupa wa ngisi ambao binamu yangu hunitumia kutoka Mombasa. Aliuparua kwa ghadhabu, kila asubuhi chini ya tundu palikuwa na unga mweupe.

Ile poda ya njano nilishauriana juu yake na daktari wa mifugo. Aliuliza kama wanapumua kwa kelele, kama kinyesi kimebadilika, kama wanalala mchana wamejivimbisha. Hapana, hapana, hapana. Akasema basi unatibu nini? Antibiotiki ile ya kuku, oksitetrasaiklini, hushikana na kalsiamu, kwa hiyo yale maganda ya yai na mfupa wa ngisi ningekuwa nawapa kwa mkono mmoja na kuwanyang'anya kwa mwingine. Na maji ya njano machungu finchi huyakataa, akakaa na kiu, wakati ule ule anaohitaji maji zaidi.

Maji ya kuoga niliwawekea saa nne asubuhi jua likiwa limefika ukutani, ya uvuguvugu, kwenye kisahani cha udongo chenye kina cha ncha ya kidole. Yanalainisha maganda ya vijiti, na saa hiyo inawapa muda wa kukauka kabla baridi haijarudi. Nilitumia ya mvua. Ya visima vya huku yana floraidi nyingi, na sisi wenyeji meno yetu ya kahawia hutangaza tulikozaliwa kabla hatujasema neno.

Jambo moja lilinitisha kweli. Alasiri moja upepo ulibamiza dirisha, dume akaruka kwa hofu akagonga wavu, na nilipoinua macho kulikuwa na damu kwenye kijiti cha kutulia na matone juu ya karatasi ya trei. Alikuwa amevunja kijiti kichanga cha bawa. Unyoya unaoota una damu ndani, unaonekana kwa rangi ya zambarau iliyokolea karibu na ngozi, na ukivunjika unavuja kama bomba. Damu yote ya finchi haizidi robo ya kijiko cha chai, basi kila tone ni hesabu. Nilizima taa kwanza ili asiruke, nikamshika kwa leso, kichwa kati ya vidole viwili bila kumbana kifua, nikapaka unga wa mahindi kwenye ncha iliyovunjika na kubonyeza kwa pamba. Moyo wake niliuhisi kwenye kiganja, hauhesabiki. Nilipoachia, damu ilikuwa imesimama. Kuna wanaosema ung'oe kijiti kizima. Kama damu imekoma sioni sababu ya kumwongezea jeraha. Ningeng'oa tu kama ingekataa kukoma, na hapo ningetaka daktari aone kwanza.

Mwishoni mwa Julai mgongo wa jike ulianza kuwa na vinundu vidogo vya kijivu. Vikawa vijiti, vijiti vikafunguka kwa ncha kama kawaida, na nilipoona ngozi haionekani tena nikatoa wavu wa katikati. Sikujua watafanyaje. Dume alisogea mpaka wakagusana mabega, akainamisha kichwa, akavimbisha shavu. Jike akaanza kwenye utosi. Alishika kijiti kimoja karibu na mzizi, akakipitisha mdomoni hadi nchani, ganda likavunjika na kuanguka chembe chembe nyeupe, unyoya ukafunguka. Akahamia cha pili. Kila alipofika mahali pabichi panapouma dume alipiga kelele moja fupi, jike akaruka hapo akaenda pengine. Nilikuwa na blauzi ya mtu ya kukabidhi jioni ile na sikuigusa.

Agosti mkia ulikuja, mfupi kwanza, halafu kamili. Wimbo ulirudi baada ya mkia, wenye kukwaruza mwanzoni, ukinyooka kadiri alivyourudia.

Manyoya ya bawa yalibaki na habari yake. Nilipomshika dume kumkagua na kulifungua bawa mbele ya dirisha, manyoya matatu ya ndani yalikuwa na mstari mwembamba unaokatiza, mahali ambapo unyoya umepungua unene na mwanga unapenya. Ni manyoya yaliyokuwa yakiota kule dukani. Unyoya ukishakomaa ni kitu kilichokufa, hauwezi kujirekebisha, kwa hiyo siku mbaya ya mwezi wa tano itaonekana pale mpaka unyonyokaji mwingine uje. Manyoya ya nje, yaliyoota huku kwangu, hayakuwa na mstari, isipokuwa kile kijiti kilichovunjika, ambacho kilibaki kisiki. Nacho nilikiacha. Kitadondoka kwa zamu yake.

Kiota kiko juu ya kabati bado. Nataka jike apite kiangazi chote cha Januari na Februari bila kutaga, ale, aongezeke, ndipo nifikirie kukirudisha, tena kwa msimu mmoja, na kukitoa tena makinda wakijitegemea. Wifi yangu wa Kisumu ameshaagiza jozi ya kwanza. Nimemwambia aanze kutafuta tundu la waya, maana la mbao halitoki hapa na ndege wangu ndani.